Wale watu 1,380, na kiwiko changu

Najua nimepotea, na kuna waliodhani nimedisko. Sijadisko. Mara BTP, mara bumu limechelewa, mara testi tatu kwa wiki moja, basi kalamu ikalala. Leo nimekaa kimbweta cha nyuma kabisa, kile cha chini ya mwembe, nina laptop ya kuazima na chupa ya maji, na nina jambo la kuandika. Ni refu kidogo. Mwenye haraka arudi jioni.

Wanaonisoma siku zote wanajua mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, mwaka wa tatu, ualimu. Kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa ni kwamba nina soriasisi. Ndiyo, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba. Nimekuwa nao tangu kidato cha tano. Viwiko, magoti mpaka kwenye muundi, na kichwani, ndiyo maana mnaniona na kilemba hata siku za joto la Februari. Kwa miaka miwili na nusu nilitibiwa fangasi. Sitaji nani wala wapi, ila nilipakwa kila aina ya dawa ya fangasi iliyopo duniani, nikanyolewa nywele, nikaambiwa nisichangie taulo na wenzangu bwenini. Kumbe soriasisi haiambukizi hata kidogo. Mabaka yakabaki pale pale yananitazama.

Nilipofika kwa daktari wa ngozi mwenyewe hasa, aliangalia kiwiko dakika moja, akaangalia kucha zangu zilizo na vitobo vidogo vidogo, akasema jina. Nikamuuliza mbona wengine hawakuona. Akacheka kidogo akasema, "Binti, vitabu vyetu vinasema baka ni jekundu. Lako ni jekundu hilo?" Nikaangalia. Ni zambarau. Upande mwingine ni kijivu. Nyekundu haipo.

Hilo neno ndilo lililonitoa usingizi. Na juzi, nilipoambiwa nifikirie kuanza vidonge vya methotreksati, nikaanza kusoma. Nimesoma kama mtu wa historia, si kama daktari, kwa sababu udaktari siujui. Darasani tunafundishwa kwamba ukikuta hati ya zamani usiulize tu inasema nini. Uliza nani aliandika, kwa ajili ya nani, na nani hayumo. Basi nikazichukua ripoti za majaribio ya dawa za soriasisi nikazisoma namna hiyo hiyo, kama nasoma barua za wamisionari. Swali langu lilikuwa moja tu: walioingizwa kwenye majaribio haya ni akina nani?

Tuanze mbali kidogo. Kwa karne nyingi huko Ulaya soriasisi ilikuwa inachanganywa na ukoma. Mwingereza Robert Willan aliielezea vizuri mwaka 1808 lakini majina yakabaki yamevurugika, mpaka Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoitenganisha kabisa na ukoma mwaka 1841. Nilipolisoma hili niliifunga laptop kwanza. Nikiwa BTP, kidato cha pili, wiki ya kwanza tu, nimeinua mkono kuandika ubaoni, mkono wa blauzi ukashuka, na mtoto wa dawati la mbele akauliza kwa adabu zote, "Madam, samahani, huo ni ukoma?" Darasa likawa kimya. Miaka zaidi ya 180 baada ya Hebra! Simlaumu yule mtoto. Nilimjibu, tukaendelea na Vita vya Majimaji, lakini chaki ilikuwa inatetemeka.

Haya. Dawa za kwanza hazikuwa na majaribio tunayoyajua leo. Kulikuwa na unga wa Goa uliotoka kwenye mti wa Brazil, kulikuwa na lami ya makaa ya mawe ambayo Goeckerman wa Mayo Clinic aliichanganya na mwanga mwaka 1925. Daktari alijaribu kwa wagonjwa aliokuwa nao, akaona, akaandika. Hata hii methotreksati niliyoambiwa mimi ilianza kwa bahati. Mwaka 1951 daktari Gubner na wenzake Marekani walikuwa wanawapa watu wenye maumivu ya viungo dawa ndugu yake, aminopterini, wakaona mabaka ya soriasisi yanatoweka. Mwaka 1958 methotreksati yenyewe ikaandikwa, na mwaka 1972 serikali ya Marekani ikairuhusu kwa soriasisi. Kumbukeni huo mwaka, nitaurudia.

Sasa tufike kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, kisa cha PUVA. Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye bonde la mto Nile kuna mmea unaitwa Ammi majus. Ukila mbegu zake kisha ukakaa juani, ngozi inabadilika rangi. Watu wa huko waliujua tangu zamani, wakiutumia kwa wenye mabaka meupe. Miaka ya 1940 wanasayansi wa Misri wakatoa kiini chake, na Profesa El Mofty wa Cairo akakijaribu kwa wagonjwa wa vitiligo. Yaani dawa hii ilianza Afrika, kwenye ngozi za watu wa Misri. Kisha ikasafiri. Mwaka 1974 madaktari wa Boston, akina Parrish na Fitzpatrick, wakaandika kwamba ukimpa mgonjwa wa soriasisi kidonge cha kiini hicho halafu ukamuweka kwenye kabati lenye taa za mionzi ya urujuanimno, mabaka yanaisha. Dunia ya ngozi ikashangilia. Likaanzishwa jaribio kubwa katika vituo 16 vya vyuo vikuu Marekani, na kati ya 1975 na 1976 wakaandikishwa watu 1,380.

Tatizo likaja la kipimo. Mtu apewe mwanga kiasi gani? Mwanzo waliangalia rangi ya nywele na macho: mwenye nywele nyeusi na macho ya kahawia apewe mwingi, mweupe pe mwenye nywele za dhahabu apewe kidogo. Baadhi ya wale wa macho ya kahawia wakaungua. Fitzpatrick akaona macho na nywele havitoshi, akatunga maswali: ukikaa juani mara ya kwanza unaungua? Unabadilika rangi? Kutokana na majibu akagawa ngozi za watu makundi manne, I mpaka IV. Hiyo ilikuwa 1975.

Manne, wadau. Na yote manne ni ya Wazungu. Wa rangi ya kahawia na weusi tuliongezwa baadaye, kundi la V na la VI. Mfumo huo ndio mpaka leo unatumika kuandika rangi ya mshiriki wa jaribio la ngozi. Kila nikiusoma nahisi kama nyumba iliyojengwa vyumba vinne, wageni wakafika, zikaongezwa banda mbili uani. Mtu kutoka Morogoro, mtu kutoka Juba na mtu kutoka Lagos wote banda la sita.

Sisemi Fitzpatrick alikuwa mbaguzi. Hapana. Alikuwa na tatizo la wagonjwa waliokuwa mbele yake, na akalitatua. Ni sawa na afisa wa kikoloni aliyeandika kwa uaminifu kabisa alichokiona kutoka kwenye baraza la nyumba yake. Shida inakuja pale baraza lake linapogeuka kuwa ramani ya nchi nzima.

Na wale 1,380 walifuatiliwa kwa miongo, kitu cha kupongezwa sana. Mwaka 1979 Robert Stern na wenzake wakatangaza kwamba saratani za ngozi (siyo melanoma, zile nyingine) zilikuwa zimejitokeza kwao mara 2.6 ya zilizotarajiwa. Mwaka 1990 likaja lingine lililohusu wanaume tu: kati ya wanaume 892 wa kundi hilo, waliotibiwa kwa mwanga mwingi walipata uvimbe wa saratani sehemu za siri kwa kiwango kilichotisha. Ikawa kanuni wanaume wafunikwe huko wakiingia kwenye kabati. Lisingegundulika kama wasingetenganisha wanaume na wanawake kwenye hesabu. Baadaye zilipotazamwa taarifa za wagonjwa wa Asia na wa nchi za Kiarabu na Afrika, ongezeko lile la saratani halikuonekana kama kwa Wazungu. Sasa fikiria daktari huku kwetu aliyesoma ripoti ya kwanza tu. Anaweza kumnyima mgonjwa mweusi tiba nzuri na ya bei nafuu kwa kuogopa hatari iliyopimwa kwenye ngozi isiyokuwa yake. Tofauti ya washiriki inaumiza pande zote mbili. Wakati mwingine unapewa kisichokufaa, wakati mwingine unanyimwa kinachokufaa.

Sasa wanawake. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo kwamba wanawake wanaoweza kuzaa wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Hata anayetumia uzazi wa mpango. Hata asiye na mume. Hata ambaye mumewe amefunga uzazi! Chanzo chake kinaeleweka, ni hofu iliyobaki baada ya thalidomidi kuharibu watoto tumboni. Na kwa soriasisi hofu haikuwa ya kubuni, maana dawa za vidonge za kundi la retinoidi, kama etretinati, zinaharibu mimba kweli na zinakaa mwilini muda mrefu mno. Etretinati ilitolewa sokoni Marekani mwaka 1998. Methotreksati nayo hairuhusiwi kwa mjamzito. Kwa hiyo siwalaumu kwa kuogopa. Ninachouliza ni hiki: ukimtoa mwanamke kwenye jaribio ili kumlinda, halafu dawa ikaruhusiwa, nani anamlinda anapoinunua? Mwongozo ulifutwa mwaka 1993, na mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria kwamba utafiti unaolipiwa na taasisi yao ya afya, NIH, lazima uwe na wanawake na watu wa jamii za wachache. Lakini majaribio makubwa ya dawa za soriasisi hulipiwa na makampuni yanayozitengeneza, kwa hiyo sheria ile ikawapita juu kwa juu.

Matokeo yake ni haya. Soriasisi inawapata wanaume na wanawake karibu sawa sawa. Ukifungua jaribio la PHOENIX 1 la dawa ya sindano ustekinumabu, lililochapishwa 2008 likiwa na watu 766, wanaume ni karibu 7 kati ya 10. Siyo hilo peke yake, ni kawaida. Sababu moja ni kwamba wanawake wengi wana ugonjwa usio mkali sana kwa kipimo. Wasweden waliangalia rejista yao ya wagonjwa 5,438, wakaandika mwaka 2017 kwamba alama za wanawake ziko chini kuliko za wanaume. Na mlangoni mwa jaribio kuna alama za kuingilia.

Hicho kipimo ndicho kinaitwa PASI, na hapa nilifanya kituko.

PASI ilitungwa Sweden mwaka 1978 na Fredriksson na Pettersson, kwa ajili ya kuijaribu hiyo hiyo etretinati. Unagawa mwili sehemu nne: kichwa, mikono, kiwiliwili, miguu. Kila sehemu unaipa alama 0 mpaka 4 kwa wekundu, 0 mpaka 4 kwa unene, 0 mpaka 4 kwa magamba. Unajumlisha, unazidisha na alama ya ukubwa wa eneo, kisha na uzito wa sehemu: kichwa 0.1, mikono 0.2, kiwiliwili 0.3, miguu 0.4. Juu kabisa ni 72. Ili kuingia jaribio kubwa la siku hizi kwa kawaida unatakiwa uwe na 12 au zaidi, na mabaka yafike asilimia 10 ya mwili, ambapo kiganja chako pamoja na vidole ni kama asilimia 1.

Nikachukua kalamu, nikajipima. Usiku, chumbani, na tochi ya simu. Unene nikaweka, magamba nikaweka, nilipofika kwenye wekundu nikakwama. Nikaweka 1 kila mahali, kwa sababu kusema kweli sioni nyekundu. Kichwa 1.8, mikono 2.4, kiwiliwili sifuri, miguu 4.8. Jumla 9. Sijaingia.

Nikamwamsha mwenzangu wa chumba. Huyu ni mtu wa Sanaa, anachora, rangi anazijua kuliko mimi. Nikampa tochi nikamwambia angalia, huu wekundu ungeupa ngapi? Akasonya kwanza, maana ilikuwa saa saba usiku. Akachungulia kiwiko, akavuta ngozi ya pembeni kulinganisha. Akasema, "Wewe unatafuta nyekundu ya bendera. Nyekundu ikikaa chini ya kahawia inakuwa zambarau. Hii imeiva. Weka tatu." Nikabadilisha kila mahali 1 ikawa 3. Kichwa 2.4, mikono 3.2, miguu 6.4.

Jumla 12.

Najua, mimi si daktari, mwenzangu si daktari, na tochi ya simu si taa ya kliniki. Lakini mwili ni ule ule, usiku ule ule. Jicho lilipobadilika, mtu aliyekuwa nje ya mlango akawa ndani. Sikulala vizuri siku hiyo, na yeye alilala fofofo.

Tuendelee. Kuanzia 2003 zikaja dawa za kibayolojia, zile za sindano ambazo bei yake ukiisikia unakaa chini. Kwenye hizi kuna mfano mzuri wa tofauti za washiriki. Chukua ustekinumabu ile ile, miligramu 45, kipimo kile kile cha kuona kama alama za PASI zimeshuka kwa asilimia 75 ndani ya wiki 12. PHOENIX 1, ambayo watu wake wengi walikuwa Wazungu wenye uzito wa wastani zaidi ya kilo 90, ilipata asilimia 67.1. Taiwan na Korea, jaribio la PEARL la watu 121, asilimia 67.2. Japan asilimia 59.4. China, jaribio la LOTUS la watu 322, asilimia 82.5. Dawa ni moja!

Ukiniuliza kwa nini, jibu la kwanza litakuwa uzito, kwa sababu mtu mzito dawa inamezwa na mwili wake. Kweli, dawa hii iliishia kuandikwa hivyo: hadi kilo 100 unapata miligramu 45, ukizidi unapata 90. Lakini Wajapani nao ni wepesi kuliko wale wa PHOENIX, mbona wao wako chini? Kwa hiyo kuna mengine, nani alichaguliwa, alishatumia nini kabla, vinasaba, hata jicho la mpimaji. Napenda namba hizi kwa sababu zinamnyima mtu jibu jepesi. Halafu tazama kingine: PEARL wanaume walizidi 8 kati ya 10. Kwa hiyo ukihamisha jaribio kutoka Ulaya kwenda Asia umeongeza mataifa, mwanamke umemwacha kituoni.

Watoto nao walisubiri. Jaribio la etanersepti kwa watoto 211 wa miaka 4 mpaka 17 lilichapishwa 2008, ruhusa ya Marekani kwa watoto ikatoka 2016. Miaka 8. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 akawa mtu mzima.

Na huku kwetu? Wapo wanaodhani soriasisi ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Makala ya Verhagen na Koten kuhusu soriasisi Kenya ilichapishwa mwaka 1967, na taarifa za kliniki za ngozi zimekuwa zikionyesha Afrika Mashariki ina wagonjwa wengi zaidi kwa uwiano kuliko Afrika Magharibi. Hili nalo lina uzito wake, maana Wamarekani weusi wengi asili yao ni Magharibi. Ukiwaweka wachache wao kwenye jaribio halafu ukasema "weusi tumewajaribu", Mhehe na Mkikuyu bado hujawagusa. Moshi kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa kanda nzima, pale KCMC, tangu 1992. Wataalamu wapo. Wagonjwa tupo.

Ila angalia masharti ya kuingia kwenye majaribio ya dawa za kibayolojia. Mwenye VVU, nje. Mwenye kifua kikuu, nje. Mwenye homa ya ini, nje. Kitabibu nawaelewa, dawa hizi zinatuliza kinga ya mwili, na mwaka 2001 ilishaonekana infliksimabu inaamsha kifua kikuu kilicholala. Lakini VVU vyenyewe vinaweza kuifanya soriasisi iwe kali ajabu. Kwa hiyo yule mwenye mwili uliofunikwa mabaka utosini hadi unyayoni, anayehitaji jibu kuliko mimi na viwiko vyangu, ndiye anayeambiwa asubiri nje. Na si huku tu. Hispania waliangalia rejista yao ya wagonjwa wa kawaida wa hospitali, wakaandika mwaka 2012: karibu 3 kati ya 10 ya wagonjwa hao wasingekubaliwa kwenye majaribio, kwa umri, kwa magonjwa mengine, kwa aina ya soriasisi. Na hao ndio waliopata madhara makubwa zaidi, kama mara 2.7 ya wenzao. Majaribio yalifanywa kwa wenye afya nzuri kati ya wagonjwa, dawa ikaenda kwa wote.

Mambo yanasogea, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mwaka 2022 kampuni inayotengeneza guselkumabu ilianza jaribio la VISIBLE, takriban watu 200, wote wasio Wazungu, na rangi ya ngozi ikipimwa kwa kifaa badala ya kukisiwa kwa macho. Waliuliza hata kuhusu yale madoa meusi yanayobaki baka likishapona. Hilo PASI haina habari nalo kabisa. Kwa PASI goti langu la kushoto limepona tangu Agosti. Kwa mama yangu, akiliona, bado naumwa. Lakini dawa yenyewe ilisharuhusiwa tangu 2017. Kwanza ruhusa, kisha swali.

Sasa nirudi 1972, nilikowaambia mkumbuke. Methotreksati iliruhusiwa kwa soriasisi kabla PASI haijatungwa, kabla hata ya yale makundi ya Fitzpatrick. Majaribio ya kuilinganisha vizuri na dawa tupu isiyo na kitu ndani yalikuja nyuma sana. CHAMPION ya 2008, watu 271 wa Ulaya na Kanada, ilipata asilimia 35.5 waliofika ile nafuu ya 75 baada ya wiki 16. METOP ya 2017, watu 120 wa Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na Uingereza, kwa sindano, asilimia 41 dhidi ya 10 kwa dawa tupu. Ndiyo hayo. Nimewatafuta humo kwa tochi, kama nilivyotafuta wekundu kwenye kiwiko. Binti wa miaka 22, mweusi, wa Afrika Mashariki, ambaye hajazaa na anatarajia kuzaa. Sijakutana naye.

Lakini dawa hii imemezwa huku kwetu miaka na miaka, na daktari wangu ameona wengi kwa macho yake. Hiyo pia ni hati, ingawa haijachapwa. Wanahistoria wa Afrika walipigana sana masimulizi ya mdomo yakubaliwe kuwa chanzo, na mimi ndivyo nitakavyomtumia yeye Jumanne: kama mzee wa kijiji. Nimeandika maswali nyuma ya daftari la Mbinu za Kufundisha. Wasichana wa umri wangu uliowapa waliendeleaje? Ini wanapima kila baada ya muda gani? Nikiacha, nisubiri miezi mingapi kabla ya kufikiria mtoto? Na la mwisho, kama nikikaa nayo wiki 16, tutajuaje imefanya kazi, tutaangalia wekundu au tutaangalia zambarau?

Mwenzangu wa chumba amesema atanisindikiza, atabeba na karatasi yake ya rangi amwonyeshe daktari. Nimemkataza. Atabeba tu, namjua.

Kimbweta kimeanza kujaa, watu wa sheria wamefika na kelele zao, na betri imebaki asilimia 9. Kama kuna mdau anayetumia methotreksati au anayemjua anayeitumia, aandike hapo chini imemchukuaje. Hata mistari miwili.